Namba Isiyozeeka

Shallon alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuvumilia kitu kinachochelewa. Alikulia Mbarara, akarudi Kigali na shahada ya kompyuta, akaajiriwa na karakana ndogo ya Rebero inayounda vipima-moyo vya watoto wachanga. Kazi yake ilikuwa kiendeshi, ile programu inayokaa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ikipokea mapigo kutoka kwenye waya uliofungwa mguuni mwa mtoto. Programu ya kioo, ile inayomwonyesha mkunga namba, hukaa nje, na wa nje haruhusiwi ndani. Kila pigo lilibidi linakiliwe na kupitishwa mlangoni ndipo lionekane.

Shallon aliona huo ni urasimu mtupu. Akatenga ukurasa mmoja wa kumbukumbu ya mashine, akaufungua pande zote mbili: kiendeshi kiandike, kioo kisome papo hapo, bila kunakili wala kubisha hodi. Namba zikaanza kwenda mbio. Bosi wake, Kamanzi, akaahidi zahanati mashine ishirini, na sifa zikamlevya binti wa watu.

Alhamisi moja akaitwa na Raihana, mkunga wa zahanati ya Kimironko iliyokuwa ikijaribu mashine ya kwanza. Raihana hakugomba. Alimketisha, akasema polepole.

"Mashine yako iko inaandika mia moja thelathini na nane, mutoto iko sawa. Mimi nikagusa mguu yake, iko baridi. Waya ilikuwa imeanguka zamani."

Mtoto alikuwa akipumua kwa shida. Walimhudumia, akapona. Shallon alitaka kuuliza zilipita dakika ngapi, akaogopa jibu.

Kosa alilielewa palepale. Zamani, waya ukichomoka, hakuna kinachofika mlangoni, na kioo kinajua. Ukurasa wa pamoja haujui kama mwandishi wake ameondoka. Alichoandika mwisho hubaki pale, na msomaji huendelea kukisoma kana kwamba kimeandikwa sasa hivi. Yeye ndiye aliyeung'oa mlango, asiweke kitu mahali pake.

Kamanzi alitaka warekebishe kimyakimya, wasije wakapoteza kazi yote. Shallon akamjibu kwamba mficha uchi hazai. Akaweka kando ya namba hesabu inayopanda kila kiendeshi kinapoandika. Isipopanda kwa sekunde mbili, kioo kifute namba na kengele ilie. Kisha akarudi Kimironko, akawaeleza wakunga wote kosa ni lake na lilikuwa lipi, akachomoa waya mbele yao. Namba ikafutika, kengele ikalia, yakabaki maneno mawili: Sina habari.

Kamanzi, aliyekuwa amefuatana naye, aliona kazi imekwisha. Nani atake mashine inayokiri haijui?

"Hii muiache ikae," Raihana akasema. "Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa inatudanganya."

Wengine wakaitikia, mmoja akamletea chai. Shallon hakuinywa. Alimwomba Raihana ampeleke kwa mama wa yule mtoto. Mama huyo alikuwa hajamsamehe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kilichotokea.