Kaunta ya Mninga

Eliezeri Saulo hanywi pombe. Ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri pale Mafinga, seremala wa miaka thelathini, na tangu apate kipaimara hajaonja hata ulanzi. Kwa hiyo binti yake Blessing, anayefanya kazi Uyole, alipomtumia kwenye simu tiketi ya kutembezwa kwenye baa za kokteli jijini Mbeya, mkewe Severina alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mtoto amekosea namba," alisema.

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Baba, hii ni zawadi yako ya kutimiza miaka hamsini na tano. Mtakuwa watu wanne tu na kiongozi wenu. Vinywaji visivyo na kilevi vipo. Utalala kwangu. Chini yake yaliandikwa majina ya baa nne. Eliezeri alisoma moja moja, akafika jina la tatu, akazima simu na kuitia mfukoni.

Baa ile ya tatu aliijua. Kaunta yake alikuwa ameitengeneza yeye.

Baba yake, Mzee Saulo, alikuwa mpasua mbao. Ujanani alikwenda Chunya kupasua mininga kwa msumeno wa watu wawili, na aliporudi nyumbani alikuja na mbao nane pana, nyekundu kama chai iliyokolea. Kila moja aliichoma jina lake kwenye ncha kwa chuma cha moto. Akazipanga juu ya dari ya jiko, moshi ukazikausha mwaka hadi mwaka. Kila Krismasi alizishusha, akazifuta, akazirudisha. Hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za jeneza lake.

"Hapa kila mtu anazikwa na paina," alikuwa akisema, "kama nyanya zinazopelekwa sokoni. Mimi hapana."

Eliezeri, ambaye baba huyo ndiye aliyemfundisha kushika randa, aliahidi si mara moja kwamba jeneza hilo atalitengeneza yeye, na kwa mbao hizo.

Kisha presha ya macho ikampata mzee. Ilifika mahali akawa anaona mwanga na vivuli tu, na kupanda darini hawezi tena. Mwaka huohuo mwenye baa mmoja wa Mbeya akaja Mafinga kutafuta fundi. Alitaka kaunta ndefu ya mninga mkavu, ndani ya wiki sita. Eliezeri alizunguka kwa wauza mbao wote aliowajua, akapata mninga mbichi tu, ambao ungepinda kabla ya msimu kwisha.

Angeweza kukataa. Watoto walikuwa wamemaliza shule, nyumba ilikuwa imekamilika, na kazi za kawaida hazikumkaukia. Lakini miaka yote hiyo alikuwa ametengeneza milango, vitanda na majeneza ya paina, na hakuna mtu aliyewahi kumwagiza kitu ambacho watu wangesimama kukitazama. Jumapili moja, baba yake akiwa kanisani, alisema anaumwa kichwa, akabaki nyumbani, akazishusha zile mbao nane. Alijiambia atatafuta nyingine na kuziweka mahali pake kabla ya mvua.

Kaunta ilikuwa nzuri. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua hivyo alipokuwa akipiga msasa wa mwisho.

Mvua zilipoanza, Novemba, Mzee Saulo akalala kitandani na hakuinuka tena. Jioni moja alimwita mwanawe.

"Eliezeri, mbao zangu zipo?"

"Zipo, baba."

"Zipo kule juu?"

"Zipo."

"Haya," alisema mzee, akageukia ukutani. Siku ya pili yake alifariki.

Jeneza lilitengenezwa kwa paina, tena paina iliyokuwa bado na unyevu, ikapakwa vanishi ya rangi ya mninga. Rozalia, dada yake mkubwa, ndiye aliyemuuguza baba hadi mwisho. Aliliangalia lile jeneza, kisha akamwangalia mdogo wake.

"Mbao za baba ziko wapi?"

"Mchwa wamezila."

Baba mdogo Jailos alikuwa amesimama karibu. Naye alishawahi kupasua mbao Chunya. Aliinama akaokota kipande cha paina kilichobaki chini, akakigeuzageuza mkononi, akakitupa.

Ilianza wiki ya pili baada ya maziko. Mzee Saulo alikuwa na tabia moja: akiona kiungo kibaya cha mbao hakugomba, alisafisha koo tu, mara moja, taratibu. Eliezeri alikuwa akipiga randa mchana kweupe, mlango wa karakana wazi, pikipiki zinapita barabarani, akasikia mtu nyuma yake anasafisha koo. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Akaendelea na kazi, na kutoka kwenye paina ile nyeupe ikapanda harufu ya mninga. Toka hapo ikawa kila anaposhika randa. Aliacha kutengeneza majeneza, akawaambia watu mgongo unamsumbua. Aliwahi kwenda Mbeya Januari ili aione kaunta ile, asijue anataka kuifanya nini. Mlinzi wa getini alimuuliza kama ameweka nafasi. Akasema hapana, akageuka akarudi stendi. Alijisikia nafuu, na nafuu hiyo ikamtia aibu njia nzima.

Basi Julai, tiketi ikiwa kwenye simu, alivaa suti yake ya ibada akapanda basi.

Walikutana mtaa wa Soweto, Mbeya, saa kumi alasiri. Kiongozi wao alikuwa mwanamke wa Kinyakyusa aitwaye Lugano, mchangamfu, amevaa koti zito kwa ajili ya baridi. Wenzake Eliezeri katika msafara walikuwa muuguzi mmoja, Mercy, na rafiki zake wawili waliokuja kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Walimwona mzee wa suti wakadhani amepotea.

"Karibu, tata," Lugano alimwambia, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Blessing ameniambia habari zako. Wewe utakunywa vya matunda, usiwe na wasiwasi."

Baa ya kwanza walionyeshwa namna ya kuchanganya ramu na kahawa ya Mbozi. Mhudumu alitikisa chombo cha chuma juu ya bega kama anayepepeta, kina mama wakapiga makofi. Eliezeri alipewa pesheni na tangawizi kwenye glasi yenye mguu mrefu. Alipoinua glasi, mtu alisafisha koo nyuma ya kiti chake.

"Mzee, pole, imekupalia?" Mercy aliuliza.

"Sijakohoa mimi," alisema Eliezeri.

Mercy aliangalia nyuma yake, kisha akamwangalia yeye, akasogeza kiti chake kidogo.

Baa ya pili ilikuwa ghorofani, na milima ilishaanza kufunikwa na ukungu. Pale alisikia mara mbili. Hakumaliza kinywaji. Lugano alimuuliza kama anajisikia vibaya, kama amwitie gari limpeleke Uyole.

"Twende tu ya tatu," alisema.

Ya tatu ilikuwa tulivu, ndiyo kwanza wamefungua. Kaunta ilichukua upande mzima wa chumba. Eliezeri alisimama mlangoni. Taa zilikuwa zimening'inizwa chini makusudi ili ubao uonekane, na ulionekana kweli: nyuzi zake zilikimbia toka mwanzo hadi mwisho kama maji ya mto unaopita juu ya mchanga. Lugano alianza maelezo yake.

"Kaunta hii, jamani, ina zaidi ya miaka mia. Mbao zake zilitoka kwenye kanisa la zamani la wamisionari..."

Eliezeri hakumsahihisha. Alikwenda hadi mwisho wa kaunta, kwenye kona, akaweka kiganja juu yake. Akangoja kile kikohozi. Hakikuja. Kimya kile kilimwogopesha kuliko sauti yenyewe. Akapiga magoti na suti yake, akaingiza mkono chini ya ubao, akapapasa. Jina la baba yake lilikuwepo. Kati ya mbao nane, ncha saba alizikata, ila ya nane aliiacha, jina likielekea chini, kwa kuwa mkono ulikataa kuikata. Vidole vyake vilipita juu ya S, juu ya A.

"Mzee, umeangusha kitu?" Mhudumu wa kaunta alikuwa amemjia. Aliitwa Gerson, mtu mzima mwenye mvi kichwani, aproni nyeusi.

"Hapana. Hii kaunta nimeitengeneza mimi."

Gerson aliweka chini glasi aliyokuwa akiifuta.

"Basi wewe ndiye yule mwana."

"Mwana gani?"

"Kuna mzee aliletwa hapa tulipofungua, mwaka jana, mwezi wa nane. Haoni. Aliletwa na msichana, mjukuu wake. Msichana anamwambia, babu, hii ndiyo kazi ya baba, shika. Ana furaha, unajua. Mzee akashika. Akaanzia pale mlangoni, akaja anapapasa taratibu mpaka hapa kwenye kona. Halafu akafanya kama ulivyofanya wewe. Akapiga magoti akapitisha mkono chini."

Eliezeri alishika kiti.

"Akakaa chini hapo sakafuni muda," Gerson aliendelea. "Msichana akaogopa, akadhani ameanguka. Tukamwinua. Akaniomba maji, akanywa yote. Akaniuliza, hii kaunta mnaifuta na nini? Nikamwambia kitambaa cha maji. Akasema hapana, futa kwa kikavu, mninga umekaa kwenye moshi miaka mingi, haujazoea maji. Mpaka leo nafuta kwa kikavu." Akakiinua kitambaa kumwonyesha. "Wakati anatoka akasema mwanangu ana mkono mzuri. Hajambo mzee?"

"Alifariki Novemba."

"Pole sana, baba."

Kina Mercy waliitwa kwenda baa ya nne. Eliezeri hakwenda nao. Lugano alipomkuta amekaa kwenye kona ile, mikono yote miwili juu ya ubao, alimgusa bega. "Ndaga, tata," alisema tu kwa Kinyakyusa, kama anayempa pole, akampigia simu Blessing aje amchukue.

Blessing alimpikia wali na maharage, naye hakula. Eliezeri alimuuliza moja kwa moja.

"Ulijua?"

"Sikujua nilipompeleka, baba. Nilimleta kliniki ya macho, nikaona nimwonyeshe kazi yako. Alipokaa pale chini ndipo akaniambia zile mbao ni za nini." Alikuwa akilia. "Nikasema nikupigie. Akanikataza. Akasema, muache, atasema mwenyewe. Nitamuuliza, naye atasema."

"Aliniuliza."

"Najua. Nilikuwa nimekuja kumwona, nimesimama mlangoni."

Hapo Eliezeri akaelewa kwamba mzee, alipouliza mara ya pili kama mbao zipo kule juu, hakuwa akitafuta jibu. Alimfungulia mlango mara mbili, na mara zote mbili mwanawe aliupita.

"Mbona hukuniambia miezi yote hii?"

"Nilijaribu, nikashindwa. Nikaona bora ukaone."

Agosti ukoo ulikutana kujengea kaburi na kuweka msalaba. Mchungaji alipomaliza sala, kabla chakula hakijapakuliwa, Eliezeri alisimama akasema. Hakuzunguka. Alisema mbao hazikuliwa na mchwa, alizichukua yeye siku ya ibada, zimekuwa kaunta ya baa, baba alijua, na baba alipomuuliza alimdanganya hadi mwisho. Alitaja neno lenyewe alilomjibu: "zipo."

Baba mdogo Jailos ndiye aliyesema wa kwanza.

"Mchwa hawali mninga, Eliezeri. Mimi nilikuwa nangoja tu."

Rozalia alisimama. Alichukua sahani yake, akaenda kula nyuma ya nyumba na wapishi, na jioni aliondoka bila kumuaga. Kwa miezi mitatu hakupokea simu yake. Walikutana kanisani na hata salamu ya "kamwene" hakumjibu.

Huwezi kusema mambo yalikwisha. Kikohozi kile bado huja, si kila siku kama zamani, huja zaidi akiwa na haraka na kazi. Siku hizi hageuki. Huirudia kazi aliyokuwa akiifanya, na mara nyingi hukuta kweli kiungo kimekaa vibaya. Severina humsikia karakanani akisema "ndiyo, nimeona," na hamuulizi anaongea na nani.

Desemba, Jumanne moja asubuhi, simu ililia juu ya meza ya kazi. Ulikuwa ujumbe wa Rozalia. Hakuwa ameandika salamu wala jina. Ulisema mlango wake wa nyuma umeoza kwa mvua, upana sentimita themanini na mbili, urefu mia mbili na tano, na fremu pia imelegea. Eliezeri aliusoma akiwa amesimama. Alitafuta kalamu, akaandika vipimo vile ukutani, kisha akafunga karakana akaenda mwenyewe kwa dada yake na futi, kwa sababu Rozalia hajawahi kujua kupima.