Nilivyopima earth ya mashine ya kahawa Kibosho kwa ujanja, akaumia mtu na akafukuzwa mwingine

Wakuu, mliotaka kuniamkia, marahaba. Nina miaka themanini na nane na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Sijapamba kitu. Ningepamba, ningejitoa mimi humu.

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa mpimaji wa mitambo ya umeme Moshi, chini ya mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mkubwa. Mashine haiwashwi mpaka niipime na kuweka sahihi. Kaptura ya khaki imenyooshwa pasi, kiburi kimenijaa mpaka kooni.

Wanakijiji wa Kibosho wakanunua mashine ya kumenya kahawa, ya mota, na jenereta yake. Aliyefunga umeme ni Fundi Selemani, Mwislamu wa mjini, mtu mpole, kanizidi miaka kama kumi na tano.

Kwa wasiojua: pale unachimbia fimbo ya shaba ardhini, ndiyo earth. Umeme ukivuja kwenye chuma cha mashine unakimbilia ardhini, haumpitii mtu. Udongo ukikauka sana, fimbo moja haitoshi.

Nikazungusha kipimo. Mbaya.

Selemani mwenyewe akasema, "Mdogo wangu, nipe wiki moja. Nitachimbia fimbo mbili zaidi, uje upime tena."

Wiki moja! Nipande tena Kibosho, kwa barabara ile? Na siku hiyohiyo nasubiriwa kwa wakwe zangu watarajiwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaiva!

Nikamfuata mzee mwenye zamu ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia migomba. Nikamwomba kwa Kichagga, kwa heshima zote, ageuzie maji kidogo upande wa mashine. Akakubali, maana kijana wa serikali kaomba. Udongo ukalowa chapachapa. Nikapima tena, safi kabisa.

Selemani akaniangalia. "Hapo umepima maji, hujapima ardhi."

"Mpimaji hapa nani, mimi au wewe?"

Nikaweka sahihi, nikaenda kunywa mbege.

Kiangazi kikaja, mfongo ukakauka. Mama Yosefina, mjane aliyekuwa akimimina kahawa kwenye mashine, akashika chuma chake, umeme ukamnasa. Hakufa, namshukuru Mungu. Ila mkono wake wa kulia ulikunjamana, jembe hakushika tena.

Bwana Mkubwa akatuita ofisini, mimi na Selemani. Akaniuliza kama kweli nilipima.

"Nilipima, Bwana. Ilikuwa safi. Labda fundi aling'oa fimbo baadaye akaweka fupi. Shaba ina bei."

Wakuu, uongo ule niliutunga palepale, haukunichukua hata dakika.

Selemani akasema taratibu, "Muulize kuhusu maji ya mfongo."

Nikasema, "Maji gani?"

Selemani akanyang'anywa kibali cha ufundi siku hiyo. Akaishia Kiboriloni, anatengeneza majiko ya mafuta ya taa. Mimi nikapandishwa cheo. Tukikutana sokoni ananisalimia yeye kwanza, na familia ananiulizia. Jamani! Ikafika mahali nikawa napita njia nyingine.

Kwa Mama Yosefina sikuwahi kwenda hata kumpa pole. Hilo nalo liandikeni.

Selemani alipofariki nilikwenda msibani. Wanawe wakanipokea kwa mikono miwili, wakaniketisha mbele. "Huyu alifanya kazi na baba." Kumbe hakuwahi kuwaambia! Nikala pilau yao huku natazama chini.

Nilichojifunza, vijana mnaopima mitambo: pimeni udongo ukiwa mkavu, na mkikosea semeni siku hiyohiyo. Mimi nilisema nitasema kesho, nikasema hivyo miaka zaidi ya sitini.

Mtoto mkubwa wa Selemani yupo hai. Kila Ijumaa akitoka msikitini anapita kunijulia hali, ananiletea na maziwa. Ananiita baba mdogo.

Nimwambie, au nife nalo? Semeni wakuu, hata matusi nitayasoma. Ila fanyeni haraka, kesho ni Ijumaa.