Siku Niliyofungisha Bwawa la Watu kwa Mafuta ya Nazi

Mficha uchi hazai, na mimi huu wangu nimeuficha vya kutosha, maana mpaka leo nikishuka stesheni ya Bankstown napita nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, kisa bwawa la kuogelea lililoko mtaa wa nyuma, ambalo mimi Mama Rehema, mpishi wa nyumba ya wazee, mtu mzima ninayeheshimika msikitini kwetu Auburn, nililifungisha Jumamosi asubuhi mbele ya watoto na wazazi wao. Bora niwasimulie mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na wenye kutia chumvi.

Rehema ni mwanangu wa pekee. Tulikuja naye Sydney akiwa bado ana meno ya utoto, akasoma hapa mpaka chuo kikuu (alipanga na wenzake kule Kensington), akamaliza masomo ya viumbe wa baharini, na kazi ya kwanza aliyoipata, wallahi nilidhani ananitania, ni kwenye hoteli ya ufukweni katika kisiwa kimoja cha Karibiani, kuwaongoza watalii wanaozamia na kuchunguza afya ya matumbawe. Miaka miwili. Karibiani yenyewe nilikuwa naijua kwenye picha za kalenda tu, basi nikamwambia sawa mwanangu, ila kwetu Tanga binti haendi kukaa ugenini mama yake asipopaona, kwa hiyo nachukua likizo nakusindikiza. Akafurahi, akaniambia na jambo jingine: mwamba atakaoufanyia kazi uko chini sana, wageni hawashushwi pale bila cheti cha kuzamia, na kama nataka kumwona kazini kwake basi nisome hapa Sydney kabla hatujaondoka, Jumamosi hii bwawani, wiki inayofuata baharini, kisha ndege. Nafasi ilikuwa hiyo hiyo, hakukuwa na nyingine.

Mtaniuliza mama mtu mzima anatafuta nini chini ya bahari. Nitawaambia. Huyu Rehema Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na alipokuwa shule ya msingi alikuwa akitangulia mbele yangu barabarani ili wenzake wasijue kuwa yule mwanamke wa khanga anayeongea kwa sauti ni mama yake. Sikumgombeza, mtoto ni mtoto, lakini kiliniuma na sikuwahi kumwambia. Sasa mtoto huyo huyo ananiomba twende wote chini ya maji nikaone anachokipenda. Ningekataaje? Na kuogelea najua, si kwa ufundi, lakini sizami.

Basi tukafika. Rehema, kwa kuwa cheti anacho zamani, akaenda stoo kumsaidia mwalimu wetu, kijana mmoja mrefu aitwaye Glen, kubeba mitungi ya hewa, mimi akanielekeza chumba cha kubadilishia nguo. "Mum, you have to shower first, okay?" akaniambia, na kweli ukutani palikuwa na tangazo kubwa kwamba kila mtu aoge kabla ya kuingia bwawani. Nikaoga. Nikaoga kwa sabuni na dodoki, mpaka kwenye visigino, maana sikutaka mtu aje aseme Waafrika wanachafua bwawa (chekeni tu, bado hatujafika).

Sasa nyie niambieni, mtu wa kwetu akishaoga anafanya nini? Anapaka mafuta. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuoga nikatoka mbele za watu nimepauka, mama yangu angeniua. Na mkobani nilikuwa na kopo la mafuta ya nazi aliyoyapika dada yangu Tanga kwa mikono yake, mafuta mazito yenye harufu nzuri, basi nikajipaka kuanzia utosini mpaka unyayoni, na kwa kuwa nilishasikia dawa ya bwawani inakausha ngozi, nikarudia tena kwa uhakika.

Halafu ikaja ile suti nyeusi ya mpira wanayovaa wazamiaji (nilichagua yenye kofia, inasitiri kuliko baibui langu, ingawa umbo ndiyo inalitangaza). Wenzangu walikuwa wanahangaika nayo pembeni mwa bwawa, wanaruka kwa mguu mmoja, wanavutana, wanatweta, mimi nikaingia mara moja, kama mkono kwenye glovu. Mzee mmoja mstaafu, jina lake Barry, suti imemkwama mapajani haipandi haishuki, akaniuliza siri yangu ni nini. Ningemnyima? Nikampa kopo. Akajipaka, akateleza ndani kwa furaha, akawapa kina mama wawili waliokuwa karibu naye, na kopo likazunguka darasa zima likarudi kwangu tupu. Nilijisikia mtu wa maana sana siku ile, nikaketi kando ya maji nikiona nimeshatoa mchango wangu.

Glen na Rehema wakarudi na mitungi, wakatufunga mgongoni, tukaingia majini. Mambo yalianza vizuri. Nilipumua chini ya maji kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikamwona mwanangu mbele yangu ananinyooshea kidole gumba na kidole cha shahada vimefanya duara, kuniuliza kama niko sawa, nikamjibu hivyo hivyo. Zoezi la pili ni kuvua miwani ndani ya maji kisha kuivaa tena. Nikavua. Kuivaa ikawa ndiyo shughuli, kila nikiishika inachomoka vidoleni, nikiipata inateleza puani, maji yananiingia machoni, nikapaparika. Glen akanidaka mkono, nikamponyoka. Akanidaka bega, nikamponyoka. Nikatafuta pa kujishikilia nikapata kamba inayogawanya bwawa, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikaibukia upande wa pili, katikati ya watoto wadogo waliokuwa wanafundishwa kuogelea.

Na pale ndipo nilipoyaona maji. Jamani, yalikuwa yanang'aa rangi rangi kama barabara iliyomwagikiwa dizeli, matone ya mafuta yanaelea huku na huku, na harufu ya nazi imetanda ukumbi mzima mpaka mtoto mmoja akauliza kama kuna anayeoka keki. Wazazi waliokuwa wanakunywa kahawa wakasimama. Filimbi ikalia, kipaza sauti kikatangaza kila mtu atoke, watoto wakaanza kulia kwa baridi, na meneja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadi samaki, akaja, akachovya mkono majini, akanusa, akatangaza kwamba mashine ya kuchuja haiwezi kulisafisha bwawa lile siku hiyo wala kesho yake, na akauliza ni nani aliyejipaka mafuta.

Barry akatazama dari. Kina mama wawili wakawa wanakagua kucha zao. Nikanyoosha mkono peke yangu, nikiwa natiririka maji na mafuta, kofia imekaa upande, na meneja akaanza kunisomea mbele ya kadamnasi, kwamba tangazo si limeandikwa, kwamba watu wengine hawajifunzi taratibu za hapa. Sikusikia hata nusu yake. Nilikuwa namtafuta Rehema kwa macho, naye nilimwona amesimama mbali kwenye mitungi, ameinamisha uso, nikasema moyoni, haya, leo tena ametangulia mbele yangu. Hilo ndilo lililoniliza, si bwawa.

Kumbe mwenzangu alikuwa anaufungua mtungi wake mgongoni. Akauweka chini, akaja akipita katikati ya wale wazazi wote, miguu peku, akasimama baina yangu na yule meneja.

"She's my mum," akamwambia. "You can talk to me."

Akamweleza kwa Kiingereza chake cha hapa, taratibu, bila kupaza sauti: mama yangu ameoga kama tangazo lenu lilivyosema, na kwetu mtu akioga anapaka mafuta, ndivyo tulivyo, na tangazo halikusema neno lolote juu ya mafuta, kwa hiyo mnaweza kumweleza kwa adabu naye ataelewa, maana ni mtu mwenye akili zake. Meneja akanywea kidogo. Barry naye aibu ikamshika, akasema na yeye alipaka, tena akauliza kwa sauti ya chini yanauzwa wapi. Halafu Rehema akachukua taulo lake, akanigeukia, akasema Kiswahili, Kiswahili kilichovunjika lakini Kiswahili, na watu wote wanasikia: "Mama, usilia. Mimi nakufuta." Akanifuta uso kama nilivyokuwa nikimfuta yeye.

Kozi ikafutwa. Wenzangu walipangiwa tarehe nyingine, mimi tarehe hiyo ningekuwa nimeshaondoka, kwa hiyo cheti sikupata. Mkamia maji hayanywi, wahenga hawakukosea. Tukasafiri hivyo hivyo, tukafika kisiwani, na sitadanganya, ni pazuri, mchanga mweupe, vyumba vinatazama bahari, watalii wamelala juani kutwa nzima (wamejipaka mafuta, tena mengi, wala hakuna anayewapigia filimbi), na jikoni kwao nilikuta muhogo na shelisheli nikatulia moyo, nikajua mwanangu hatakufa njaa.

Siku ya kuamkia safari yangu ya kurudi Sydney tulikwenda kwenye ule mwamba wake. Wote wenye vyeti wakashuka, Rehema akawa wa mwisho, mimi nikabaki botini na nahodha. Nikayaona mapovu yake yanapanda. Yakisogea mbele nasogea mbele, yakienda nyuma ya boti nami naenda nyuma, nahodha ananitazama tu, na nikawaza kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa miaka miwili, mwanangu yuko mahali nisipopafika, na mimi naona mapovu. Nililia kidogo, siwafichi. Na nilijichukia kwa lile kopo.

Alipoibuka alivua miwani, akashika ukingo wa boti, akaniita mbele ya wageni wake wote, kwa sauti kubwa kabisa, kama ninavyoita mimi. "Mama! Chini kuna mahali pako. Rudi mwaka kesho, nakufundisha mimi."

Basi nimeapa, na nyie ni mashahidi wangu. Nitarudi, nitaoga kama tangazo linavyotaka, na nitatoka mbele za watu nimepauka mweupe mpaka magotini kama niliyetoka mashineni kusaga unga, wanaotaka kucheka wacheke, mimi nitakuwa nashuka na mwanangu.