Kompyuta Iliyokataa Kuingia Kwenye Domeni

Nianze na ninachojivunia, maana ni halali yangu. Niliondoka Magomeni sina cheti cha maana, nikaenda Maskati kubeba maboksi kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikarudi na stashahada ya mitandao ya kompyuta niliyoisomea jioni baada ya kazi. Hakuna aliyenishika mkono. Stashahada yenyewe imetundikwa sebuleni juu ya runinga, na mgeni asiyeiona mimi humwonyesha.

Kwa hiyo mama yangu mdogo, anayesimamia mauzo kwenye duka la vitenge vya jumla hapa Kariakoo, alipomsikia tajiri wake akitafuta fundi, hakungoja. Tajiri alikuwa amenunua seva, ile kompyuta kubwa inayoongoza nyingine, akaiweka kwenye ghala lake Gerezani. Alitaka kompyuta za madukani ziingizwe zote chini yake, kwenye domeni moja, ili muuzaji akae duka lolote na bado ajulikane kwa jina lake na neno lake la siri. Mama mdogo akamwambia asihangaike na watu baki, mwanawe yupo, kasoma nje. Tajiri akakubali, ila akasema nikiharibu atamuuliza yeye, si mimi.

Nilifika dukani asubuhi nimechomekea shati. Nikampa tajiri shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinipima kwa macho. Wadada wawili wanaouza pale nikawaeleza, bila kuulizwa, kwamba Maskati kazi hii nilikuwa naifanya huku nakunywa chai.

Na kweli ni kazi ndogo. Unachomeka kebo, unaielekeza kompyuta iulize njia kwa seva yenu, unaandika jina la domeni, unaweka neno la siri la msimamizi, nayo inakukaribisha. Mimi haikunikaribisha. Ulikuja ujumbe kwamba saa ya kompyuta hii na saa ya seva zimepishana mno.

Nikatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta: 3:20. Nikatazama saa yangu ya mkononi, ya mishale, niliyoinunua kule kule Maskati. Mshale mfupi umepita tisa, mrefu uko kwenye nne. Saa tatu na dakika ishirini. Ili nisije nikaonewa, nikauliza kwa sauti ni saa ngapi, na duka zima likanijibu saa tatu na dakika ishirini. Nikawatangazia kwamba ujumbe ule ni wa uongo.

Basi nikabadilisha kebo. Nikaipa kompyuta jina jipya, nikaizima, nikaiwasha. Wateja wakawa wanaandikiwa bei kwenye vipande vya boksi kwa sababu mashine imeshikwa na mimi. Mdada mmoja akapita na robota la vitenge kichwani, akaniuliza, "Vipi kaka, au inataka viza?" Wakacheka. Mimi nilicheka nao, ila shati lilikuwa limeshanigandia mgongoni.

Adhuhuri ilipokaribia nikamwambia tajiri kwamba tatizo ni mashine ile ya dukani. Ni feki, nikasema, kule nilikotoka hii ingetupwa. Akasema aliinunua mwenyewe, kwa mtu anayeswali naye safu moja msikitini. Mama mdogo akainuka kwenye kiti chake.

"Mwanangu akisema mbovu, tajiri, ni mbovu. Wewe vitenge unavijua. Haya mambo yeye ndiye kayasomea."

Tajiri akatoa simu, akampigia yule mtu mbele yetu wote, akamwambia kamuuzia takataka na wala hakutegemea hayo kutoka kwake. Akakata bila kuaga.

Mimi nikampigia mwenzangu mmoja wa zamani, Mhindi tuliyekuwa naye kazini Maskati, nia yangu hasa ikiwa anikubalie tu kwamba mashine ni mbovu. Nikamweleza kwa Kiingereza. Akaniuliza kioo kinaonyesha saa ngapi. Nikamsomea tarakimu kama zilivyo: sita na dakika thelathini. Akashangaa imekuwaje kwetu jua linazama wakati kwake watu ndiyo kwanza wametoka kuswali adhuhuri.

Nikatazama tena saa yangu ya mkononi: mshale mfupi ulikuwa umepita kumi na mbili. Aliyeiweka saa ya kompyuta aliiweka kama tunavyoitamka hapa, saa tatu ya asubuhi ikaandikwa tatu, wakati seva kule ghalani inahesabu tisa. Zilipishana saa sita nzima. Ujumbe ulikuwa wa kweli tangu mwanzo. Miaka yote ile ya Maskati, na bado nikiona tisa nasoma tatu, nikiona tatu nasoma tatu.

Nikaisogeza saa mbele, nikajaribu tena. Kompyuta ikaniandikia karibu kwenye domeni. Mdada wa viza akapiga makofi, na tajiri akaja.

"Kumbe si mbovu?"

"Ni saa tu, mzee. Ilikuwa imewekwa kwa hesabu yetu ya Kiswahili."

"Niliiweka mimi. Mteja kanunua saa tano, risiti inamwambia kumi na moja, ataelewa nini? Nawe umekaa nayo uso kwa uso tangu asubuhi."

Tajiri hakuningoja nijitetee. Alikuwa amemnyooshea simu mama mdogo.

"Mpigie. Ulisema ni mbovu."

Mama mdogo akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Alimwamkia yule mtu, akamuulizia wa nyumbani, kisha akasema taratibu, mbele ya wadada na wateja, "Samahani sana, kaka yangu. Maneno yale tajiri kayapata kwangu. Mimi ndiye niliyesema bila kujua." Akasikiliza muda mrefu, akiitikia kwa kichwa kama vile anaonekana. Jina langu hakulitaja.

Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwake. Ningeweza kunyoosha mkono nikaiomba ile simu. Nikainama nikawa nakunja kebo.

Alipomaliza, akamrudishia tajiri simu yake, akaniambia chakula changu kipo nyuma, kwenye hotipoti, nile kabla hakijapoa. Nikamwambia nimeshiba.