Baba Mkwe, Kitanda Namba Nne

Mimi si mtu wa kuongea, ndiyo maana naandika. Wiki hii kwenye praktiko ya Baiolojia niliona aibu kuwaomba wavulana darubini, nikanakili majibu ya kitabu na kuandika "nimeona". Bibi amelikuta daftari. Bibi ni mama yake mama, muuguzi mstaafu, na tunakaa naye hapa Tunduma. Hakugomba. Aliepua maharage, akasema, "Kaa hapo. Kalamu uje nayo, maana mdomo huna." Nimeandika kama alivyosema.

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka masikio yananiwaka mpaka leo.

Ninyi mnaona vyuo vikuu vina majengo ya afya yenye lifti. Sisi wa mwanzo tulisomea ghala la kahawa. Wakubwa wa chuo waliamua kuanzisha shule tatu kwa mpigo, uuguzi, famasia na maabara, wakapewa ghala moja kuukuu huko Mbozi, wakaligawa kwa maturubai. Mwalimu wa famasia akiuliza swali, wauguzi tunajibu. Mifupa ya mtu ilikuwa seti moja kwa shule zote tatu. Jumatatu ilikuwa yetu, Jumanne ya famasia, na kila ikirudi imepungua kidole. Tukipita sokoni nguo zinanuka kahawa, akina mama wanatucheka: "Uuguzi nao unasomewa chuo kikuu? Kushika bakuli tu?"

Wasiwasi huo walikuwa nao hata wakubwa wenyewe. Ikapangwa wageni waje kutoka makao makuu ya chuo, watutazame tukifanya kazi wodini. Wakiridhika, shule iendelee. Wasiporidhika, turubai likunjwe, na sisi kumi na mmoja turudi kwetu kupalilia.

Wakati huo nilikuwa nimeshachumbiwa na babu yako, na posa imepokelewa. Yeye Mndali, mimi Mndali, wote wa milima ya Ileje. Wewe umezaliwa mjini, hujui. Kwetu baba mkwe haangaliwi usoni. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Jina lake hulitamki, hata kama nyumba inaungua naye yumo ndani. Nami mila hiyo niliishika kuliko bibi zangu, na nikwambie ukweli, sikuishika kwa utii. Ilinifaa. Mwenye haya akipewa mila ya kujificha, amepewa shamba lenye mbolea.

Siku ikafika. Wageni watatu wa suti, mmoja profesa, wamesimama katikati ya wodi ya wanaume kama watu wanaonunua ng'ombe. Mwalimu wetu, Mama Mushi, Mchaga mmoja mkali asiye na masihara, akatugawia vitanda.

"Wewe, namba nne. Presha tu. Taja jina la mgonjwa, mpime, andika, soma kwa sauti. Daktari amesema ikiwa nzuri, mzee anaruhusiwa leo leo."

Presha! Ningeweza kuipima usingizini. Nikaingia kwa mwendo wa maringo, nikasogeza pazia.

Mwanangu, aliyelala pale ni baba mkwe. Ameletwa jana yake kutoka kijijini, na hakuna aliyenipa habari. Tulitazamana kwa muda wa kufumba jicho. Yeye akavuta blanketi juu ya kichwa, miguu yote ikabaki nje. Mimi nikaruka nyuma ya pazia la upande wa ukutani, ambako hata wageni hawakuniona.

"Jina la mgonjwa?" Mama Mushi akaita.

"Ni mzee, mwalimu."

"Mzee nani?"

"Mzee wa hapa kitandani."

Kitanda namba tano alikuwapo dereva wa lori, Mzambia, mguu umefungwa plasta. Akaangua kicheko. "Aa, mayo, mama yangu! Jina lake hata mimi nalijua, na nimefika jana!" Akalitaja yeye, kwa sauti ya mnadani. Mimi nikaziba masikio.

Jina likawa limepatikana, ikabaki presha. Hapo ndipo nilipokosea. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikajifunga kile kitambaa cha presha kwenye mkono wangu mwenyewe, huku huku nyuma ya pazia, nikapampu mpaka kikalia fuuu, nikasikiliza, nikasoma kwa sauti ya mtu aliyesoma kweli: "Mia moja na ishirini kwa themanini!"

Wageni wakaandika. Profesa akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu mzee ana presha ya msichana!"

"Basi aandaliwe, aende nyumbani," akasema Mama Mushi.

Nilifurahi, mwanangu. Nisikufiche, nilifurahi. Shule imepona, mila imepona, nami nimepona. Mpaka blanketi lilipoanza kuongea.

"We bwana wa lori."

"Ee mukwai, baba."

Ujue, kwetu mkwe na mkwe wakiwa na neno zito, hupitisha kwa mtu wa tatu. Mzee alikuwa anafuata taratibu.

"Mwambie huyo binti aliye nyuma ya pazia, mimi sijaguswa."

Dereva akapaza sauti kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mpaka: "Mayo! Mzee anasema hajaguswa!"

"Mwambie, kichwa kinanigonga siku ya tatu leo, macho yanaona ukungu. Nimeteremshwa mlima kwa machela nije kutibiwa. Heshima sikuifuata huku. Heshima niliiacha nyumbani, tele."

"Anasema heshima ipo nyumbani, tele!"

"Muulize, nikifa kwa heshima yake, na kaburini atanikimbia?"

Dereva akakuna kichwa. "Hilo, baba, mimi siwezi kulibeba. Ni zito kuliko lori."

Mama Mushi akafungua pazia kwa mkono mmoja. Akanikuta nimesimama, kitambaa kimefungwa mkononi mwangu.

"Hii presha ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

Mgeni mmoja akacheka, akajikohoza. Profesa alivua miwani. Nikawaona wenzangu kumi wamesimama kwenye mstari, sare zimepigwa pasi, wananitazama mimi niliyeifunga shule yao. Bado ningeweza kusingizia mashine mbovu. Mashine zilikuwa mbovu kweli! Lakini mzee angerudishwa mlimani akafie njiani.

"Nimesema uongo," nikasema, machozi yanatiririka. "Sikumpima. Ni baba mkwe wangu, nimeona haya. Msimruhusu."

"Mkwe ndiyo nini?" Mama Mushi akafoka. "Mkwe hana mishipa?"

Kabla sijajibu, mkono mmoja mkavu, wa mkulima, ukatoka chini ya blanketi, ukanyooshwa nje.

"Bwana wa lori, mwambie uso ni wa mkwe. Mkono ni wa hospitali."

Wakalirudisha pazia, mkono ukapitishwa kwenye upenyo, nikaufunga, nikapima. Mia mbili na kumi kwa mia moja na thelathini. Sikungoja kuandika. Nilimkimbilia daktari hadi kiatu kimoja kikabaki wodini. Mzee alilazwa wiki mbili, akatoka kwa miguu yake.

Profesa alimuuliza Mama Mushi kama kupima kupitia pazia kumo kwenye mtaala. Akajibu, "Kwa wagonjwa wa huku, kumo." Shule ikaruhusiwa. Mimi nikafelishwa praktiko ile, nikarudia mwaka mzima. Wenzangu kumi walipovaa majoho, mimi nilikaa na wazazi wao, nikapiga vigelegele. Wala sikuonewa.

Sasa sikiliza, maana maharage yanapoa. Kuona haya si dhambi, mwanangu. Msichana mwenye haya hana kosa, na mila zetu usizicheke. Mila ile ilikuwa na mlango, na baba mkwe aliupata akiwa amefunikwa blanketi. Ningesema tu, "Mwalimu, huyu siwezi kumkaribia," watu wangetafuta njia. Mimi nikachagua uongo, kwa kuwa uongo hauhitaji kumtazama mtu usoni. Ukiona aibu, sema naona aibu. Ukishindwa, sema nimeshindwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mimi nilikaribia kuficha maradhi ya mwenzangu, na kifo kingemchukua yeye. Haya yako jifunike nayo mwenyewe, usimfunike nayo mtu mwingine.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akukuze, mwanangu. Akupe mikono ambayo watu wakiiona inakuja, wanatulia. Na siku ulimi ukikuwia mzito, akuwekee jirani mwenye sauti kubwa. Amina. Haya, lete sahani.