Msichana wa Kufagia Nywele

Shemeji yangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Nani Kasema. Jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Mwambie mvua inakuja, atakuuliza nani kasema. Mwuzie maziwa ya leo asubuhi, atayanusa, atayapeleka kwenye mwanga wa dirisha, kisha atataka kujua ng'ombe mwenyewe ana hali gani. Siku dada yangu, mkewe, alipofariki, alimhoji daktari mpaka yule daktari akavuta kiti akakaa. Sikumlaumu. Ndivyo anavyolia yeye.

Tunafanya kazi chini ya paa moja. Upande wa mbele ni wake: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, mashine zinazoning'inia kwa nyaya zake, na redio inayosoma habari tangu anafungua mpaka anafunga. Nyuma ya pazia ni kwangu mimi, msusi. Pazia lile halizuii neno. Kila lililosemwa kwenye kiti cha kinyozi nimelisikia, na mengine heri nisingeyasikia.

Redio anaisikiliza kama askari anayemhoji mwizi. Wateja wakitaka kumchokoza humwambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapo huzima mashine, akawatazama kwenye kioo, na kusema kwamba aliyetunga methali hiyo lazima alikuwa mmbeya.

Binti yake ni mwanangu pia, kwa kuwa mimi ni mama yake mdogo na ndiye niliyemlea. Amechukua masikio ya baba yake na ulimi wa ukoo wetu. Alipoingia kidato cha tano, shule ilimchagua kwa mashindano ya kuzungumza papo kwa papo kuhusu mambo ya dunia. Unaokota karatasi moja kwenye sanduku, unakuta swali: labda vita, labda bei ya mafuta, labda barafu inayoyeyuka huko kwenye ncha za dunia. Unapewa nusu saa na magazeti yako. Baada ya hapo unapanda jukwaani mikono mitupu na kuzungumza dakika saba. Mshindi wa fainali husomeshwa chuo kikuu bure mpaka amalize. Sisi wawili, kwa wembe wetu na kitana chetu, tusingeweza kumfikisha huko. Hilo tulilijua, na kwa kuwa tulilijua hatukulizungumza.

Mazoezi aliyafanyia dukani, siku za Jumamosi. Mteja akishafungwa shuka shingoni, anatupa swali lolote la dunia. Binti anakimbilia kwangu nyuma na boksi lake la viatu lililojaa vipande vya magazeti, anakaa kwenye kigoda, anapekua. Baba yake akichukua brashi kupangusa shingo ya mteja, muda umekwisha, hata kama ni kichwa cha upara kilichochukua dakika tano. Binti anatoka, anasimama kando ya kioo, anaanza.

Hapo ndipo Nani Kasema hupata kazi yake halisi. Binti akisema ngano imepanda bei, baba anauliza bila hata kugeuka: nani kasema? Binti anataja gazeti na siku. Akisema mamilioni wameyahama makwao: nani amewahesabu? Anataja shirika. Akikosa cha kutaja, anarudi mwanzo, na mteja aliyekwisha kupakwa poda anangoja asikie mwisho. Kuna wanaume waliokuja kunyolewa nywele ambazo bado hazijaota, kwa utamu wa ule ubishi tu.

Maji yalizidi unga baada ya mchujo wa kwanza. Binti yetu alipita, lakini msichana wa shule nyingine naye alipita, tena kwa hoja ya ngano iliyofanana na yetu. Mimi nilidhani wamesoma gazeti moja. Shemeji alirudi amenuna. Alisema hoja imeibwa, na imeibwa dukani, maana mlango uko wazi na masikio hayalipi kiingilio. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia. Akanitazama mimi, kisha akamtazama mteja wangu aliyekuwa amesukwa nusu kichwa, mpaka mwanamke wa watu akaanza kujitetea.

Siku hiyohiyo akaweka sheria. Sweta la shule lisionekane dukani. Neno mashindano lisitajwe. Wateja wa siku zote wakaapishwa, nao kwa jinsi wanaume wanavyopenda siri wakaanza kukonyezana hata palipokuwa hakuna cha kukonyezana. Yeye mwenyewe, aliyezoea kumwita binti yake Mama kama baba wengi wafanyavyo, akageuka kumwita "we msichana". Binti naye akatakiwa kumwita Bosi, na ashike ufagio hata kama sakafu ni safi. Mgeni akiuliza huyu ni nani anayeijua dunia hivi, jibu lilikuwa moja: ni msichana wa kufagia nywele, anapenda redio tu.

Mara ya kwanza binti alicheka. Mara ya pili alitabasamu. Baadaye akawa anainamia ufagio wake. Nilimwambia shemeji kwamba mficha uchi hazai. Akaniuliza nani kasema.

Basi akaja Miwani. Jina hilo tulimpa sisi. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, miwani minene, na nywele chache ambazo ningezisuka zote kabla chai haijapoa. Akaomba apunguzwe. Apunguzwe nini? Shemeji alimfunga shuka huku akinitupia jicho kwenye upenyo wa pazia, nami nikalidaka. Wateja walipomweleza desturi ya duka, mgeni akauliza swali lililonyooka kama limepigwa rula: je, nchi iliyoko juu ya mto ina haki ya kujenga bwawa, ikiwa nchi iliyoko chini inaishi kwa maji hayohayo? Hakuna mtu anayeuliza hivyo kwa kinyozi. Kwa kinyozi watu huuliza kwa nini wakubwa wagombane huko halafu mafuta yapande huku.

Binti alijibu vizuri. Miwani alisikiliza amefumba macho, hakubisha wala hakusifu. Mwishoni akauliza msichana huyu ni nani. Wa kufagia, shemeji akasema. Miwani akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akalipa, akaenda zake. Shemeji alisimama mlangoni akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena, kila mara na swali jipya lililonyooka. Akauliza tena kuhusu msichana, akapewa jibu lilelile. Mimi nilisema huyu mzee anamnyemelea mtoto. Shemeji alisema ni jasusi wa shule pinzani. Wiki iliyofuata akabadili, akasema ni mtu wa kodi. Alipomnyoa ndevu aliuburuta wembe polepole kuliko kawaida, akimhoji. Unafanya kazi wapi? Ofisini. Ofisi ipi? Ya elimu, mambo ya karatasi. Wembe ukasimama shingoni. Karatasi gani? Za kawaida tu, akasema Miwani, na mimi nikaukaza msuko mpaka mteja wangu akalalamika kwamba namng'oa.

Alipoondoka, shemeji alitoa amri mpya: mtu yule akija tena ajibiwe ovyoovyo.

"Sijui kujibu ovyo, Bosi," binti akasema. Dukani siku ile hapakuwa na mgeni hata mmoja aliyebaki. Tulikuwa sisi watatu tu.

Siku ya fainali shemeji alivaa suti aliyofungia ndoa. Tulikaa safu ya tatu. Alimwuliza mlinzi wa ukumbi ufunguo wa sanduku la maswali unalala kwa nani, akamwuliza na mhudumu wa maji kama chupa zilikuja zimefungwa. Nilimsihi atulie. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa, majaji wakaingia, na nyuma yao akaja Miwani. Akaketi meza kuu. Mtangazaji akatufahamisha kwamba huyo ndiye mtunga maswali.

Shemeji akanifinya mkono. Umeona, akaninong'oneza. Nilikuwa nimeona, ila sikujua nilichokiona ni nini.

Zamu ya binti yetu ikafika. Akaokota karatasi, mtangazaji akaisoma kwa sauti. Lilikuwa swali la mto na bwawa, neno kwa neno. Binti akasimama kidogo, akamtazama Miwani, kisha akaongozwa kwenye chumba cha maandalizi, ambako kuzungumza na mtu yeyote ni marufuku.

Mimi nilifurahi, sifichi. Niliona chuo kimekuja chenyewe mpaka mlangoni. Nikamgeukia shemeji tupongezane, nikamkuta jasho linamtiririka. Alitaka kusimama. Nikamshika koti, nikamwambia akae, swali limejileta, na aliyelileta dukani si sisi.

"Simfikirii Miwani tena," akaninong'oneza. "Namfikiria mtoto. Analijua. Atasema, au atanyamaza?"

Nikaelewa kwamba zamu ya kushukiwa imemfikia hata binti, na nikakasirika. Mtoto aliyekubali kuitwa mfagiaji kwa ajili yake! Nusu saa ile mvulana mmoja alizungumza kuhusu uchafu wa bahari, watu wakapiga makofi, nasi hatukusikia kitu. Shemeji alikodolea macho mlango wa pembeni. Mimi nilikodolea koti lake.

Binti akatoka, akapanda jukwaani, akaweka mikono nyuma kama anavyosimama kando ya kioo.

"Waheshimiwa majaji," akasema, "nyumbani nimefundishwa kwamba kila ninachosema nitaje nimekitoa wapi. Haya ninayotaka kuyasema nimeyatoa kwenye duka la kinyozi. Swali hili niliulizwa huko, nikalijibu. Aliyeniuliza amekaa pale." Akamwonyesha Miwani kwa mkono wote, kwa adabu.

Ukumbi ukavuma. Kila mtu akamwangalia mtunga maswali kama sisi tulivyomwangalia zile Jumamosi zote. Naye akasimama, akavua miwani yake, na bila miwani alikuwa mzee wa kawaida aliyeogopa. Alieleza kwamba kila mwaka huyajaribu maswali yake kwa watu wa kawaida, aone kama yanaeleweka. Hukwepa shule, hukwepa wanafunzi, ndiyo maana huenda sokoni na kwa vinyozi. Katika duka lile aliuliza zaidi ya mara moja msichana yule ni nani, kwa kuwa alimtia shaka kwa ujuzi wake. Akaambiwa ni wa kufagia nywele.

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akamwuliza: "Nani alikuambia?"

Miwani akaanza kututafuta kwa macho. Hakuhitaji kufika mbali. Koti likaniponyoka mkononi. Shemeji yangu, ambaye maisha yake yote yeye ndiye muulizaji, alisimama katikati ya ukumbi na suti yake ya harusi.

"Mimi," akasema. "Nilimficha. Niliogopa wataiba maneno yake. Hafagii huyu. Ni binti yangu." Akabaki amesimama kwa kuwa hakujua aketi vipi.

Majaji walinong'onezana kwa muda. Hawakumfukuza binti wala hawakumwadhibu. Walilifunga sanduku, wakamwandikia swali jipya palepale, wakampa nusu saa yake. Alizungumza vizuri, kila hoja na chanzo chake, lakini macho yalikuwa mekundu, na palipokuwa pa kutania hakutania. Akawa wa pili. Chuo kikaenda kwa yule mvulana wa bahari. Miwani alikuja kutushika mikono, akaomba radhi, na shemeji akamwambia anayepaswa kuomba radhi ni yeye kinyozi.

Tulirudi kwa miguu. Shemeji ndiye aliyebeba boksi la viatu, amelikumbatia. Yote niliyotaka kumwambia alikuwa ameyasikia mbele ya watu. Tulipokaribia mtaani, binti akauliza, taratibu tu, kama anayeuliza bei.

"Baba, yule mama asingeuliza, ungesimama?"

Nilingoja aulizwe nani kasema. Shemeji alilihamishia boksi kwapani.

"Sijui, Mama," akasema.

Binti akamshika mkono. Nadhani uongo wowote mtamu kuliko jibu hilo asingeusamehe.

Jumamosi iliyofuata sweta la shule lilitundikwa msumarini kando ya kioo, mahali ambapo anayekaa kitini hawezi kuacha kuliona. Mwakani yuko kidato cha sita, na mashindano yapo. Mteja wa kwanza alikuwa mgeni, akauliza sweta lile ni la nani. Shemeji alizima mashine, akaenda akazima na redio, ndipo akarudi kumjibu.