Bibi Anateremshwa Garini

Kwa miaka kumi na tisa Ngazi aliumwa na mbwa mara thelathini na moja, na ukimuuliza, kosa kila mara lilikuwa la mtu. Jina hilo walimpa walinzi wenzake kwenye kampuni ya ulinzi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupandisha na kuteremsha mbwa wa lindo kwenye pikapu. Hakuwavuta shingo hata siku moja. Mkono mmoja chini ya kidari, mwingine chini ya mapaja ya nyuma, na goti lake akalifanya kidato. Kuteremka ndiko kubaya zaidi, aliwaambia wenzake, maana uzito wote huangukia miguu ya mbele. Walimwona mwehu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Meneja naye alikuwa na kanuni yake: mbwa asiyeweza kupanda gari mwenyewe amekwisha, na aliyekwisha hupigwa risasi. Bibi, mbwa jike mzee, aliharibika nyonga siku dereva alipomtoa garini kwa teke. Dereva huyo alikuwa mume wa dada yake Ngazi, na kazi alitafutiwa na Ngazi mwenyewe. Fadhila za punda ni mateke. Kwa miezi miwili Ngazi alikuwa akisimama karibu na mlango wa nyuma na kumpandisha Bibi kwa paja lake, meneja asione.

Asubuhi ile meneja alikuja na fimbo.

"Ngazi, hebu sogea pembeni. Nataka nimwone huyo ajuza wako akipanda."

"Mkuu, chuma kimelowa, atateleza."

"Nimesema sogea!"

Bibi aliweka miguu ya mbele. Ya nyuma ikagoma. Fimbo ikatua mgongoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dereva, kwa kujipendekeza, akarukia garini na kumvuta kwa mnyororo mpaka akaning'inia, macho yamemtoka, mkojo ukimchuruzika. Ngazi alipandwa na mori. Alimshusha shemeji yake kwa ngumi ya mdomo, jino likaruka, akampiga tena akiwa ameshaanguka, wala hakujuta. Kisha akajitia chini ya mbwa kumwinua. Kwa uchungu Bibi aliukamata mkono wake, akauma mpaka mfupani. Ngazi hakupiga kelele. Alimpandisha hivyo hivyo, mkono ukiwa bado mdomoni.

"Amekuuma," meneja alisema, akichomoa bastola.

"Hajaniuma. Amejishikiza tu."

"Damu yote hiyo? Mteremshe."

Dereva aliinuka, mdomo umevimba, akanyoosha mkono kuushika mnyororo.

"Mguse, shemeji, halafu uone kama dada yangu hatakuwa mjane leo."

Dereva akarudi nyuma. Ngazi akaingiza mkono mzima chini ya kidari, na ule ulioraruliwa chini ya mapaja, akapiga goti, akaanza kumshusha taratibu.

"Ya nini kumbembeleza?" meneja alifoka. "Anakufa sasa hivi!"

"Sasa hivi nyonga bado zinamuuma, mkuu."

Alimsimamisha kwa miguu yake minne, akahakikisha hayumbi. Hakuwa na kingine cha kumpa, na alijua hicho hakitoshi. Risasi ilipolia, alikuwa bado amemshika sikio. Ngazi alilia pale pale uani, mbele ya wanaume wote, kwa sauti, kama aliyefiwa na mama.